Nilivyolifuata Trekta Jekundu Mwereni

Tangu nirudi, kila anayepita hapa Kinondo ananiuliza swali lile lile: Rashidi, uliaga unakwenda siku mbili, mbona umekaa kumi? Na mke wangu Mwanamisi, badala ya kunisaidia kujibu, anacheka mpaka anashika ukuta. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, hata yale ya aibu, ili mkishasoma mniache nifanye kazi. Mambo ya nauli na ruhusa ya kazini nayaruka, hayana utamu.

Mnanijua mimi ni mtu wa wivu. Sikatai. Lakini wivu huu ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni trekta.

Miaka kumi na moja nilitunza bustani ya yule Mswisi wa Galu. Nyasi zilianzia barazani kwake zikaenda hadi mchangani, na la kuzikatia nilikuwa na trekta dogo jekundu, la kukalia, lenye visu chini ya tumbo. Wenzangu wa nyumba za jirani walikuwa wakisukuma mashine za mkono juani, migongo imepinda, mimi nimekaa kitini nashika usukani. Nililiosha kila Ijumaa kabla sijaoga mwenyewe. Mwanamisi alikuwa akiliita mke mwenza, na hakuwa anatania sana.

Halafu Mswisi akafunga nyumba akarudi kwao, na trekta akampa Tsuma. Tsuma mpishi! Mtu ambaye hata toroli lilimshinda, akilisukuma linakwenda upande. Akalipandisha kwenye lori akaenda nalo kwao Mwereni, nyikani, ambako nyasi ni za mbuzi na hazikatwi na mtu. Mimi nikapewa saa ya ukutani.

Miaka minne nilikaa na donge hilo. Mwaka tisini na nane, mvua zile kubwa zilipokuwa zimeshakwisha na barabara zimebaki mashimo, muuza mbuzi mmoja akaniambia: trekta la Mswisi liko bomani kwa Tsuma, limeota kutu, kuku wanatagia ndani. Nikasikia mambo mawili kwa pamoja. Roho iliniuma, na nilifurahi. Nilifurahi kwa kuwa limemshinda. Nikasema nitakwenda kulinunua bei ya bure, nilifufue kwa mikono yangu, nipite nalo kila mahali watu waone nani alikuwa mwenyewe.

Kinondo hadi Kona ya Musa

Sikumwambia mtu ninakokwenda. Mwanamisi nilimwambia kuna mzigo naufuata. Akaniangalia, akasema, "Mzigo mwekundu?" Nikajifanya sikusikia.

Pale Kona ya Musa, Ukunda, nilinunua plagi mpya ya injini, kopo la grisi na kipande cha msasa, nikavifunga ndani ya kikoi ili visionekane. Nikapata lori la kreti za soda linalokwenda Msambweni. Dereva alikuwa mtu wa maneno. Tulipofika Mwabungo alikuwa ameshaniuliza nina watoto wangapi, nimeoa wapi na hiki kilichomo ndani ya kikoi ni nini.

"Dawa," nikasema.

"Za nani?"

"Nina rafiki yangu Mwereni, mgonjwa. Nakwenda kumwangalia."

Najua mtasema kwa nini nilidanganya. Ningesema trekta, adhuhuri Ukunda nzima ingekuwa inajua, na kesho yake mtu mwenye gari lake angenitangulia. Mimi kitu ninachokitaka sikitaji. Nimelelewa hivyo na sikuwahi kuona ubaya wake.

"Mungu akulipe," dereva akasema, akanipa soda moja nimpelekee mgonjwa.

Msambweni, siku mbili

Mbele ya Msambweni maji yalikuwa yameila barabara, na magari yote yakasimama kungoja vijana wajaze mawe. Nikaenda kwa shemeji yangu, dada yake Mwanamisi, nikifikiri nitalala usiku mmoja. Nililala mbili.

Shemeji alinipikia bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa pweza, nikala mpaka nikaona haya. Jirani yake ni fundi wa injini za mashua, na ana spana kamili, zimepangwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa, kila moja na msumari wake. Nilisimama pale nikaziangalia muda mrefu kuliko inavyostahili. Mimi ninazo tano, na mbili zimepanuka midomo. Nikamchukia yule fundi, Mungu anisamehe, na alikuwa amenikaribisha kahawa.

Habari za mgonjwa zilikuwa zimeshanitangulia kwa kinywa cha dereva wa soda. Shemeji akaniuliza ni nani.

"Tsuma. Yule mpishi wa Mswisi."

"Tsuma? Yule ambaye kila ukija hapa unamsema?" Akaweka mwiko chini. "Shemeji, umekuwa mtu mwema. Mimi nilidhani wewe una roho mbaya."

Akaniletea kopo la asali ya nyuki, asali ya kweli, nimpelekee Tsuma kwa kifua chake. Kifua nilikuwa nimekisema mimi, kwa kuwa nilibanwa niseme anaumwa nini. Nikapokea. Usiku ule sikulala vizuri.

Msambweni hadi Mwereni, na machungwa

Jumatano mawe yakajaa, nikapata pikapu ya mzee mmoja Mkamba aitwaye Mutua, mwenye shamba la machungwa upande wa Kikoneni. Alikuwa anapeleka magunia ya machungwa nyikani.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, kwa kuwa mvi zake zilinipita.

"Marahaba, marahaba. Unaenda wapi? Mwereni? Hata mimi naenda hiyo side. Ingia mbele."

Njiani akanieleza alivyokuja kutoka Machakos kijana, akapewa shamba la msitu mtupu, akang'oa visiki kwa mkono. Sasa ana trekta kubwa la kulimia. Akanieleza lina nguvu za farasi ngapi, linakunywa mafuta kiasi gani, kwamba halijawahi kukataa kuwaka hata siku moja. Nikawa naangalia nje dirishani. Wapo watu Mungu anawapa tu.

Lunga Lunga tukala maharagwe na chapati, tukaiacha lami. Huko ndiko akaniuliza.

"Sasa wewe unaenda kuona nani?"

Nikarudia uongo wangu. Kufikia hapo ulikuwa umeshanizoea.

"Hiyo kifua ni mbaya," Mutua akasema. "Mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kukuacha kwa barabara hivi hivi. Tutafika mpaka kwa nyumba, tumuombee."

"Usijisumbue mzee wangu, ni mbali."

"Hakuna mbali kwa mgonjwa."

Mtume! Nilitafuta namna ya kushuka, sikupata. Tukaingia bomani kwa Tsuma saa tisa, mimi nimepakata asali, soda na machungwa kumi na mbili ya bure. Na Tsuma huyo akatokea nyuma ya nyumba, kifua wazi, amebeba gogo la mwarobaini begani, jasho linamtiririka, mzima kama ng'ombe dume.

"Mgonjwa ni nani?" Mutua akauliza.

 Nikamnyooshea Tsuma kidole tu.

Tsuma akanitazama. Akautazama mzigo wangu, akamtazama yule mzee aliyevua kofia. Halafu taratibu akalitua gogo chini, akashika kiuno, akakohoa. Kikohozi kirefu, cha kutoka tumboni. Akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Karibuni. Leo kidogo nina nafuu."

Mutua alimwekea mkono kichwani akaomba kwa muda mrefu, nami nikainua mikono yangu kivyangu nikaitikia amina. Alipoondoka aliahidi kupita tena Jumatano ijayo kumjulia hali.

Vumbi la gari lilipotulia, Tsuma akaniuliza, "Haya, Bwana Rashidi. Naumwa nini?"

"Kifua."

"Tangu lini?"

"Tangu Kona ya Musa."

Akacheka mpaka akakaa chini. Mkewe Umazi akatoka jikoni kuuliza kuna nini, naye akaambiwa, naye akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naumia kwamba angeweza kuniaibisha na hakuniaibisha, na kwamba mimi, kama ingekuwa yeye, ningemwaibisha.

Bomani

Waliniweka kama mgeni wa harusi. Umazi alisonga ugali akaleta maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, na Tsuma mwenyewe akaingia jikoni akatengeneza vile viazi vya kukwaruza na kukaanga alivyokuwa akimpikia Mswisi, ila safari hii kwa muhogo. Vilikuwa vitamu kuliko vya viazi. Hata hilo liliniudhi.

Trekta nililiona tangu tunaingia, lakini sikuligeukia mpaka nilipokwisha kunawa. Lilikuwa chini ya kibanda cha nyasi, kando ya zizi la ndama. Rangi imepauka, tairi mbili hazina pumzi, kiti kimepasuka. Boneti lilikuwa wazi, na pale palipokuwa na betri kuku mwekundu alikuwa anaatamia. Nikasikia kitu kooni. Nikakimeza.

Sasa, sisi tukitaka kununua kitu hatuanzi kwa kukisifu. Tunakitukana kwanza, mwenyewe akichoka ndiyo bei inazungumzika. Basi nikalizunguka mara moja, nikalipiga teke tairi.

"Hili nalo bado unaliweka?" nikasema. "Chuma tu hiki."

"Ndivyo?" Tsuma akasema.

"Limekwisha. Linakula nafasi ya ndama."

Tsuma akalitazama trekta. "Wewe ndiye unayelijua," akasema. "Jumamosi kuna mtu anakuja na lori kununua vyuma chakavu. Alilitaka hili nikamwambia asubiri. Basi nitampa."

Nilitaka kumzuia. Lakini nikajua ni mbinu yake, anataka nipandishe. Nikasema vizuri, Jumamosi si mbali.

Alhamisi mchana, Tsuma akiwa machungani, nilifungua kikoi changu nikatoa plagi ya zamani. Nilitazamia kutu. Iliyotoka ni mafuta, na yalinuka nazi. Nikashika gurudumu la mkanda nikalizungusha kwa mkono. Likazunguka! Zito, linavuta, lakini pistoni ilikuwa hai. Nilikaa pale chini na yule kuku ananitazama, macho yananiwasha.

Jioni sikuweza kujizuia. "Nani alitia mafuta ya nazi ndani ya injini?"

"Mimi," Tsuma akasema. "Kila mwezi kijiko kimoja. Injini siijui, lakini karai la chuma najua usipolipaka mafuta linashika kutu. Nilikosea?"

Alikuwa amekosea na alikuwa ameliokoa. Nikamuuliza kwa nini ajisumbue na kitu asichoweza kukiendesha.

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema. "Nilikutumia salamu mara mbili na yule muuza mbuzi. Njoo uone trekta. Hukuzipata?"

Nilizipata. Nilidhani ananiringia.

Hapa niwaambieni jambo nililokuwa nimewaficha, ninyi na Mwanamisi pia. Mswisi hakuanza kwa Tsuma, alianza kwangu. Alinisimamisha bustanini akaniambia, Rashidi, nataka kukupa trekta hili. Na mimi, mtoto niliyelelewa kwa adabu, nikasema: Hapana bwana, hilo ni kubwa mno kwangu, usijisumbue. Mnajua wenyewe inavyokuwa. Mtu mwenye heshima hapokei mara ya kwanza. Unakataa, unashikwa mkono, unakataa tena kwa sauti ndogo, ndipo unapokea. Nikangoja aulize tena. Nilingoja siku nzima nikipita mbele ya baraza yake na reki. Hakuuliza.

"Nilikuwa dirishani jikoni, nilisikia kila neno," Tsuma akasema. "Nilimwambia, bwana, muulize tena, watu wetu hawakubali mara ya kwanza. Akasema, Rashidi amesema hapana na mimi namheshimu. Kesho yake akataka kulipeleka hotelini. Ndipo nikasema, basi nipe mimi."

Miaka minne! Nilisema kwa watu kwamba mtu huyu amelipata kwa kujipendekeza na vitobosha vya chai ya asubuhi.

Mtaniuliza, ukishasikia hayo si ungesema tu? Ningesema. Lakini nilikuwa nimeshaliita chuma mbele yake, na kurudi nyuma kulinishinda. Na wivu haukutoka, ulihama tu. Mwanzoni nilimwonea wivu wa trekta, sasa nikamwonea wivu wa roho yake. Nikasema, "Haya, ni lako, fanya utakavyo," nikaenda kulala.

Jumamosi ya vyuma

Lori lilikuja asubuhi, limejaa majembe, mabati na vitanda vilivyovunjika. Wakashuka watu wawili na nyundo kubwa. Mwenye lori akalitazama trekta akasema halitaingia zima, wataanza kwa kuvunja usukani na magurudumu.

"Bwana Tsuma," nikasema, "si vibaya kuwasumbua watu hawa kwa chuma kibovu hivi?"

"Hawasumbuki, ndiyo kazi yao."

"Labda wangepita siku nyingine."

"Ya nini? Linakula nafasi ya ndama."

Alikuwa ananitazama machoni. Hakuwa anacheza. Nikaelewa kwamba haikuwa mbinu, hakuwa na mbinu yoyote tangu mwanzo. Alikuwa amechoka kuningoja, na angeliacha livunjwe kwa sababu mimi, mwenye kulijua, nimesema ni chuma. Mtu wa nyundo akatema mate viganjani, akainua.

"Acha!" nikapiga kelele. "Acha! Nalitaka! Nalitaka mimi!"

Sauti ilitoka kubwa hata ndama wakakimbia. Nikalishika usukani kwa mikono miwili, nikasema na mengine ambayo sikuyapanga. Kwamba nimelitaka tangu siku lililoshushwa Galu. Kwamba nilikuja kulinunua na hakuna mgonjwa. Kwamba kila usiku kwa miaka minne nililiendesha kichwani. Watu wa lori wakabaki wanatazamana.

"Unalitaka," Tsuma akasema.

"Nalitaka."

"Lo, Rashidi! Neno dogo hivyo." Akamgeukia mwenye lori akamwambia achukue mabati, trekta limeuzwa.

Alinitoza bei ya chuma chakavu aliyoahidiwa, zaidi akakataa. Nilikuwa tayari kuondoka siku ile ile, lakini Umazi akatoka jikoni na mkono kiunoni. Kuku anayeatamia hahamishwi kwake, akasema, mnunuzi na angoje mayai yaanguliwe. Tsuma akainua mabega, akasema boma ni la Umazi.

Ndiyo sababu ya siku kumi. Siku nne nzima nilingoja kuku. Nikasugua kutu kwa msasa, nikafungua kabureta nikaiosha kwa mafuta ya taa, huku Tsuma ananipa spana, kila mara isiyo yake. Mchana tulikula pamoja. Alinisimulia mambo ya Galu ambayo mimi, nikiwa kitini siku zote, sikuwahi kuyaona.

Kurudi

Jumatano vifaranga tisa walikuwa chini ya mbawa, na Mutua akafika na pikapu tupu. Alipomwona Tsuma amesimama wima alimshukuru Mungu kwa sauti, akasema hiyo maombi ni kali sana. Hatukuwa na moyo wa kumwambia. Nilipomwomba anichukulie trekta alikubali hapo hapo.

Tukapanga magogo mawili ya mwarobaini kuwa ngazi. Mutua atavuta kwa kamba, sisi tusukume, na mmoja wetu akae kitini kuongoza usukani. Nikapandisha mguu.

"Rashidi," Tsuma akasema. "Ngoja. Nikae mimi. Mara moja tu."

"Hujalikalia miaka minne?"

"Sijalikalia hata siku moja. Kilikuwa kiti chako."

Nikashusha mguu. Akapanda, akajipangusa suruali kwanza, akakaa taratibu, akashika usukani kwa mikono yote miwili. Uso wake ukafunguka kama wa bwana harusi. Na mimi, jamani, baada ya yote hayo, baada ya asali na muhogo na mafuta ya nazi, nikasikia moto ule ule ukinipanda kifuani. Safari hii sikuumeza.

"Tsuma," nikamwambia, "naona wivu."

"Najua," akasema bila kugeuka. "Sukuma."

Nikainama, nikasukuma.